Mwanza hadi Dar kwa ndege: ni muda gani hasa, mlango kwa mlango?

MtotoWaNansio:

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, na naomba nijibiwe kwa uhakika maana jambo lenyewe linamhusu mama yangu.

Mama ana miaka 71, tunaishi Nansio, Ukerewe. Moyo unamsumbua, na baada ya kuhudhuria hospitali ya Bugando kwa muda amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Anatakiwa awe mlangoni Jumanne saa mbili asubuhi. Basi tumeliondoa kwenye mawazo kabisa. Mara ya mwisho alipanda hadi Dodoma tu, akashuka miguu imevimba mpaka viatu havikuingia, tukamtoa stendi na kandambili za konda.

Kwa hiyo ni ndege, na hajawahi kupanda. Mimi mwenyewe nimepanda mara moja, zamani, na sikuwa na mgonjwa. Sasa nikitafuta habari kila mtu ananiambia lake. Tovuti moja inasema Mwanza hadi Dar ni kilomita 850 na muda wa kuruka ni saa moja na dakika tano. Tiketi niliyotumiwa ya Jumatatu inasema kuondoka 11:40, kufika 13:10, hiyo ni saa moja na nusu. Jirani aliyesafiri mwaka jana anaapa alikaa hewani karibu saa mbili. Shemeji yangu anasema niache hizo hesabu zote, nihesabu siku nzima.

Nani mkweli hapo? Nataka nijue mama atakaa kwenye kiti muda gani bila kunyoosha miguu, dawa ya mchana aimezee wapi, na kama meli ya kutoka Nansio Jumatatu asubuhi inaweza kutufikisha tukawahi ndege hiyo hiyo. Halafu kuna swali lake mwenyewe, ameniambia niliandike kama alivyolisema: akiwa juu ataiona Ukerewe?

Asanteni sana.

Mdau_Igoma:

Saa moja na nusu mkuu, kama tiketi inavyosema. Fikeni uwanjani mapema. Mama apone haraka.

MamaMwaloni:

Mwanangu, pole na kuuguza. Mimi nauza samaki hapa Mwaloni Kirumba, huu ni mwaka wa 19, na karibu kila wiki kuna boksi langu linakwenda Dar. Nimepanda hiyo ndege mara nyingi, nyingine nikiwa na marehemu mama yangu ambaye naye alikuwa hawezi kusimama muda mrefu. Nakujibu kama ningemjibu mwanangu wa kumzaa.

Wote waliokwambia ni wakweli, ila kila mmoja anahesabu safari yake. Tovuti inahesabu hewa peke yake. Tiketi inahesabu ndege, tangu inaanza kusogea Mwanza mpaka inasimama Dar. Shemeji yako anamhesabu mtu. Wewe mhesabu mtu, kwa sababu unayempeleka ni mtu.

Mimi hili nililijua kwa samaki. Nilipoanza kupeleka sato Dar nilisoma tiketi kama wewe, nikajua ni saa moja na nusu, nikaweka barafu ya kusagwa kiasi cha saa tatu nikijiona nimezidisha. Boksi lilimfikia mteja wangu Ilala maji yanachuruzika pembeni, selotepu imeachia, na macho ya sato yameshaingia ukungu. Mtu anayejua samaki anaanza kuangalia jicho kabla hata hajanusa. Alinirudishia nusu ya hela na hakuwa na kosa. Tangu siku hiyo nina daftari. Naandika saa boksi lilipofungwa hapa Mwaloni, na mteja akilifungua ananipigia naandika saa hiyo pia. Mara chache sana limefunguliwa kabla ya saa sita kupita. Saa sita, mwanangu, kwa ndege ya saa moja na nusu! Siku hizi nagandisha maji kwenye chupa za plastiki, nazipanga katikati ya samaki, maji hayamwagiki na baridi inafika.

Sasa mzee wetu ni vivyo hivyo. Usipange dawa zake kwa saa ya tiketi. Panga kwa saa mtakayotoka mlangoni na saa mtakayovua viatu huko mnakofikia. Chakula chepesi kiwe mkononi, maji mkanunue ndani mkishapita ukaguzi, na dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Nasisitiza hilo la mkoba. Begi likienda chini ya ndege hulioni tena mpaka Dar, na likichelewa siku moja dawa nazo zimechelewa siku moja.

Jambo la pili ni saa yenyewe. Kwenye tiketi 11:40 ni saa tano na dakika arobaini asubuhi, naamini unalijua, lakini hakikisha na kila anayehusika analijua: dereva wa bajaji, ndugu wa Dar atakayewapokea, mama mwenyewe. Mimi mwaka 2014 nilikatiwa tiketi na kijana wa jirani, akanisomea kwenye simu haraka haraka: "Mama, ni saba na kumi." Nikajua ni saa saba mchana. Ilikuwa 07:10, yaani saa moja na dakika kumi asubuhi. Nilipofika uwanjani na mfuko wangu ndege ilishatua Dar zamani, abiria wameshafika makwao. Shangazi yangu alizikwa saa kumi siku hiyo na mimi nimekaa kwenye benchi la nje pale Ilemela. Aliyenilea tangu nina miaka minne. Sikumweka udongo. Kwa hiyo nikisema someni saa vizuri, siongei maneno ya mdomoni.

Na meli ya Jumatatu asubuhi usiijaribu. Vukeni Jumapili.

MtotoWaNansio:

Shikamoo mama. Nimeyasoma maneno yako nikamsomea na mama, kaniambia nikupe pole ya shangazi hata kama ni miaka mingi.

Kuhusu meli nilikuwa nabana matumizi, kulala Mwanza ni gharama. Lakini nimekuelewa. Tuna mama mdogo Kitangiri, nitamwomba tulale kwake. Kuzunguka kwa Rugezi na Kisorya, kuvuka kivuko halafu gari la Bunda, naona ni kumtesa.

MamaMwaloni:

Marahaba mwanangu. Mwambie mama nimepokea.

Kitangiri ni pazuri sana kwa safari yenu, mko nusu ya njia ya kwenda uwanjani. Meli ni saa tatu na zaidi kidogo ziwa likiwa tulivu. Ziwa likichafuka nahodha hatazami tiketi yako ya ndege, na hapaswi kuitazama. Sisi wa ziwani tumezika watu wa kutosha.

Fundi_Ilemela:

Mdogo wangu MtotoWaNansio, nilifanya kazi za chini kwenye viwanja vya ndege kwa miaka 11, kuongoza ndege kwenye maegesho na kupakia mizigo. Mama hapo juu amemaliza upande wa binadamu, nami niongeze upande wa chombo, maana umeuliza kwa nini namba zinapishana.

Kilomita 850 ni mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja, kama vile umevuta uzi juu ya tufe. Ni sahihi. Marubani wataita maili za baharini 460, ni umbali ule ule. Barabara inapinda kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, ndiyo maana inazidi 1,100.

Sasa tovuti inafanyaje? Inachukua 850, inagawanya kwa mwendo wa ndege ya jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, inapata saa moja na dakika nne au tano. Inaichukulia ndege kama jiwe la manati, inatoka na kasi yote na kufika na kasi yote. Ndege haiendi hivyo. Inaondolewa vizuizi vya magurudumu, inasukumwa au inajigeuza, inatembea mpaka mwisho wa njia ya kurukia, inasubiri ruhusa. Ikiruka inapanda kama dakika 20 kwa kasi ndogo kuliko ile ya juu. Kabla ya Dar inaanza kushuka mapema, inapunguza mwendo, na kama mbele kuna ndege nyingine inapangwa foleni, wakati mwingine inazungushwa juu ya bahari kabla ya kutua. Hizo dakika zote tiketi imeziweka ndani. Tovuti haikuziweka.

Na jirani yako aliyesema saa mbili naye hakudanganya. Uliza alipanda ndege gani. Airbus A220 au Boeing 737 ni jeti, zinakwenda zaidi ya 800. Dash 8 Q400, zile za mapanga mawili za Air Tanzania, ziko kama 650. ATR, ambazo Precision Air wanatumia, ziko kama 500. Gawanya 850 kwa 500 unapata saa moja na dakika 42, ongeza kutembea chini na kushuka, hiyo ni saa mbili kasoro kidogo au kamili. Kwa muda wa tiketi yako, saa moja na nusu, bila shaka mmepangiwa jeti. Lakini ndege hubadilishwa, hivyo siku moja kabla angalia tena ujumbe wako.

Upepo nao una mkono wake. Huku kwetu karibu na mstari wa Ikweta upepo wa juu mara nyingi unatoka mashariki. Ukienda Dar unaukabili, ukirudi Mwanza unakusukuma. Tofauti ni dakika chache, usiipangie kitu.

Usafiri wa saa tano asubuhi ni chaguo zuri. Radi za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, wavuvi wanalijua hilo kuliko sisi, na ndege za asubuhi sana huku ziwani ndizo hukutana na mabaki yake. Kufikia saa tano mara nyingi ziwa limeshatulia na mawingu ya mchana upande wa nchi kavu bado hayajakomaa.

Sasa masikio. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ndege hewa inashikiliwa kama vile uko kwenye mlima wa mita 2,000 hivi, halafu unashushwa mpaka Dar ambako ni usawa wa bahari karibu kabisa. Ndiyo maana mtu wa Mwanza masikio humuuma zaidi akitua Dar kuliko akitua kwao. Mpe pipi ndege ikianza kushuka, asilale wakati huo, awe anameza mate. Na kwa sababu hewa ya ndani ni nyembamba kidogo kuliko ya nyumbani, mgonjwa wa moyo lazima daktari wake aseme anafaa kuruka. Nenda na barua yake. Nimewahi kuona mzee akizuiwa mlangoni kwa kuwa alionekana anahema sana na hakuwa na karatasi yoyote. Aliyemzuia alikuwa sahihi, na yule mzee alilia.

Omba kiti cha magurudumu leo, usingoje siku ya safari. Hakina malipo. Pale Mwanza mnatembea kwa miguu hadi kwenye ndege halafu ni ngazi, kwa hiyo waeleze pia kama ngazi anaziweza au hapana.

Na swali lake. Ndege ikishika njia ya Dar inaelekea kusini-mashariki, Ghuba ya Speke na Ukerewe zinabaki kushoto na nyuma kidogo. Akae dirisha la kushoto, siti A. Ikirukia upande wa ziwani ataona maji mapema sana. Mwambie asisubiri, dakika tano za mwanzo ndizo zake.

Mpita_Njia_Dodoma:

Kwa watakaosoma uzi huu baadaye na hawana mgonjwa: kuna njia ya katikati. Basi Mwanza hadi Dodoma, kama kilomita 700, unalala, asubuhi unapanda treni ya SGR hadi Dar, saa tatu na nusu au nne hivi. Treni hiyo ilianza safari za Dodoma katikati ya mwaka 2024. Kipande cha Mwanza–Isaka bado kinajengwa, kikikamilika na vya katikati vikiunganishwa tutaongea mengine. Kwa mama wa ndugu yetu hapa, ndege.

Mdau_Igoma:

Nimejifunza, jibu langu la juu lilikuwa la haraka mno. Naongeza la Dar: kutoka uwanjani hadi Upanga, ilipo Muhimbili, ni kama kilomita 12 tu, lakini mkitoka kuanzia saa kumi jioni mnakutana na foleni ya Barabara ya Nyerere. Ndege yenu inafika saa saba, hiyo ni nafuu. Msipoteze muda kumsubiri mtu uwanjani, awasubiri yeye.

MtotoWaNansio:

Tumefika. Naandika nikiwa Upanga, mama amelala. Niliahidi moyoni kwamba nitaleta hesabu kamili kwa sababu mlinisaidia kweli, na mama mdogo alinipa daftari baada ya kusikia habari ya daftari la MamaMwaloni.

Jumapili meli iliondoka Nansio saa nane na dakika tano mchana, tukakanyaga Mwanza saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Saa tatu na dakika ishirini, kwa umbali ambao ukiupima kwenye ramani haufiki hata kilomita 60. Mama alikuwa amekaa ndani, upepo ulikuwa wa kawaida.

Jumatatu tulitoka Kitangiri saa tatu na dakika tano asubuhi. Uwanjani saa tatu na nusu. Kiti cha magurudumu kilikuwepo, kijana aliyekisukuma alimwita bibi na kumuuliza habari za Ukerewe, kumbe ana mjomba Bukindo. Ngazi alizipanda mwenyewe, polepole, mimi nyuma yake, na hakuna aliyetuharakisha. Ndege ilisogea saa tano na dakika 46. Magurudumu yaliacha ardhi saa tano na dakika 54. Yaligusa Dar saa saba na dakika tatu. Tukasimama kabisa saa saba na dakika 11. Kwa hiyo hewani ni saa moja na dakika tisa, na kwa hesabu ya tiketi ni saa moja na dakika 25. Tovuti ilikosea dakika nne tu kwenye kile ilichokuwa inakihesabu.

Begi tulilipata saa saba na dakika 40. Upanga tulifika saa tisa kasoro dakika kumi, maana njiani palikuwa na gari limeharibika. Kutoka Kitangiri mlangoni hadi Upanga mlangoni ni saa tano na dakika 45. MamaMwaloni, ulisema sita. Dawa ya mchana alimezea angani, saa sita na nusu, na maji tuliyonunua ndani.

Masikio yalimuuma kidogo, alimaliza pipi tatu. Miguu haikuvimba. Nimeikagua mara mbili, nikabonyeza kwa kidole pale juu ya kifundo kama nilivyoonyeshwa Bugando, ngozi ikarudi hapo hapo.

Na siti A tulipata. Ndege ilirukia upande wa ziwani kama Fundi alivyosema. Mama aliweka kiganja kwenye dirisha, hakusema kitu. Ilipogeuka kulikuwa na wingu, likapita, akaona maji na nchi ng'ambo ya maji, akanishika mkono akaanza kutaja: ile ni Ukerewe, ile itakuwa Ukara. Mimi sikuweza kutofautisha kilicho kisiwa na kilicho bara. Yeye alivitaja kimoja kimoja mpaka vikaisha.

Kesho saa mbili ni kliniki. Tukimaliza salama tunarudi Ijumaa, na ameshauliza: kurudi tukae upande gani?

Fundi_Ilemela:

Kulia. Omba F.